Maswali Yenu: Taa, T'aa na Sahani za Zidakani

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wa Lamu na Malindi watuletee maswali yao kuhusu Uchina: lugha, vitabu, mapishi, desturi. Barua zimezidi nafasi. Tumechagua zile ambazo jibu lake linaweza kufanyiwa kazi nyumbani. Walioulizia viza na bei za simu watuwie radhi, hilo si baraza letu.

*Najifunza Kichina kwa simu, mwezi wa tano sasa. Maneno nayajua, lakini Wachina wanaopita dukani hawanielewi. Nikisema "nimekimbia" wao husikia "nimeshiba". Kosa liko wapi?*
— Muuza vinyago, Mkomani, Lamu

Kosa liko kwenye pumzi, na wewe wa Mkomani ndiye wa mwisho anayepaswa kulifanya. "Nimekimbia" ni wǒ pǎo le. "Nimeshiba" ni wǒ bǎo le. Unaisoma ile p kama p ya Kiswahili cha vitabuni, isiyo na pumzi, na kwa sikio la Mchina p isiyo na pumzi ndiyo b yake.

Pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini tangu 1958, ina herufi zinazodanganya. B, d na g zake si zetu. B ya Kiswahili huvutwa ndani kidogo na koo linatetema. Ya Kichina haitetemi kabisa. Tofauti ya b na p kwao ni pumzi peke yake, na tofauti hiyo Kiamu na Kimvita wanayo tangu hapo, ila shule haikutufundisha kuiandika. Paa la nyumba na p'aa wa mwituni. Taa ya kuwasha na t'aa wa baharini. Kaa la moto na k'aa wa mikokoni. Basi fanya hivi: ukiona b kwenye pinyin, tamka p ya paa la nyumba, ukiona p, tamka ya p'aa mnyama. D ni t ya taa ya kuwasha, t ni ya t'aa samaki. G ni k ya kaa la moto, k ni ya k'aa anayetembea upande.

Ujipime kwa kijikaratasi chembamba, upana wa kidole, ukishike umbali wa vidole vitatu mbele ya midomo. Kwa pǎo kiruke. Kwa bǎo kitulie. Kikiruka kwa yote mawili unatia pumzi kila mahali, na hilo nalo ni kosa. Kisha jaribu dùzi (tumbo) na tùzi (sungura), usije ukaenda kwa daktari kumwambia sungura anakuuma.

Jambo la pili hukuliuliza lakini litakufika: toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno. Kichina kina toni nne na silabi nyepesi isiyo na toni. Mǎi ni kununua, mài ni kuuza, mái ni kuzika. Mswahili huzoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, basi kila neno la silabi mbili hulipandisha mwanzo na kulishusha mwisho. Zhōngguó, jina la Uchina lenyewe, linataka kinyume: sauti ya juu iliyonyooka, kisha inayopanda. Na sisi tukiuliza swali hupandisha sauti mwishoni, "umekula?" na "umekula" hutofautiana kwa hilo tu. Ukimwuliza Mchina "unauza?" kwa mpando wa Kiswahili, ile mài inakuwa mái, umemwuliza habari za kuzika. Wao huweka neno ma mwisho wa swali na toni ya neno haiguswi.

Usifanyie mazoezi silabi moja moja. Fanya majozi: toni nne za mwanzo mara tano za mwisho (nne na ile silabi nyepesi), majozi ishirini. Chagua neno moja kwa kila jozi uyarudie hayo hayo kila siku mpaka yakae mdomoni. Toni ya tatu (ile ya mǎi) ikifuatwa na toni ya tatu, iliyotangulia hugeuka toni ya pili (ile ya mái): imeandikwa nǐ hǎo, inasemwa ní hǎo. Programu nyingi za simu hazikwambii hili mapema.

*Bibi yetu ameacha sahani mbili za buluu na nyeupe. Moja ina herufi sita chini, nyingine haina kitu. Jirani anasema ni za zama za Ming na tusiziuze chini ya milioni. Ni kweli?*
— Wajukuu, Shella, Malindi

Jirani hajaziona kwa chini. Zigeuzeni kwanza.

Herufi sita kwa kawaida hupangwa safu mbili, tatu tatu. Anzeni safu ya kulia, juu kwenda chini, ndipo mhamie ya kushoto. Mkisoma kama Kiswahili hampati maana. Mbili za mwanzo ni ukoo wa kifalme: 大明 ni Ming (1368 hadi 1644), 大清 ni Qing (1644 hadi 1912). Mbili za katikati ni jina la enzi ya mfalme, mfano 宣德, Xuande, 1426 hadi 1435. Mbili za mwisho, 年製, maana yake "iliyotengenezwa miaka ya". Ile ya mwisho ikiandikwa kwa umbo fupi 制 badala ya 製, ongezeni shaka: umbo hilo ndilo la maandishi yaliyorahisishwa baada ya 1956.

Sasa tahadhari. Alama si cheti cha kuzaliwa. Wafinyanzi wa Qing walitia alama za Ming kwenye kazi zao, wengine kwa heshima ya mafundi wa zamani, wengine kwa biashara, na karne ya ishirini ikaendelea vivyo hivyo. Alama ya Xuande kwenye sahani ya juzi ni kitu cha kawaida kabisa. Na maneno "Made in China" yakiwepo, hapo hakuna Ming ya kuzungumza.

Kwa hiyo tazameni mwili wa sahani. Usiku, zimeni taa, wekeni kurunzi ya simu upande mmoja na mtazame upande wa pili. Kauri halisi, ikiwa si nene sana, hupitisha mwanga na kivuli cha vidole kinaonekana. Udongo wa kawaida uliopakwa rangi haupitishi kitu. Tazameni penye pengo: kauri huvunjika kama kioo, laini na kavu, udongo huvunjika kama chaki na hunywa maji. Pigeni kwa ukucha: kauri nzima hulia kama kengele ndogo, yenye ufa hukwaruza.

Hiyo isiyo na herufi, angalieni kama ina muhuri uliofifia wa herufi za Kilatini. Zidaka za Lamu na Pate, yale mashubaka ya ukutani, hazikujaa vyombo vya Uchina peke yake. Karne ya kumi na tisa zilikuja sahani na bakuli nyingi kutoka Ulaya, hasa Maastricht huko Uholanzi, zenye maua yaliyopigwa chapa. Familia nyingi za Pwani zinazo na zinaziita za Kichina. Si za kudharauliwa. Ni historia yetu vilevile, ila bei na umri ni vingine.

Kuzitunza: maji ya vuguvugu na kitambaa laini, basi. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo huingia kwenye ufa na kuutanua. Gundi ya papo hapo haitoki vizuri tena, na fundi wa makumbusho atakulaumuni. Msitundike kwa waya wenye springi karibu na bahari. Waya unashika kutu, unavimba na kubana ukingo mpaka unapasuka. Kidaka kilijengwa kwa kazi hiyo, kitumieni. Na msiweke achari wala ndimu kwenye sahani kuukuu yenye rangi nyekundu au kijani juu ya king'arisho, ile ngozi ya sahani inayong'aa. Rangi hizo huenda zina risasi.

Kuhusu vigae mnavyookota ufukweni au kwenye magofu: viacheni mahali pake, pigeni picha, pelekeni habari makumbusho ya Lamu, Malindi au Gede. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inavilinda, na kigae kilichong'olewa mahali pake hakimwambii mtafiti chochote. Mkitaka kuona vyombo vya Uchina bila kununua, nendeni Mambrui mtazame kaburi la mnara lililopachikwa bakuli. Na mwaka 2013, kisiwani Manda, wachimbaji walipata sarafu ya enzi ya Yongle (1403 hadi 1424), yenye tundu la mraba katikati. Herufi zake nne husomwa juu, chini, kulia, kushoto. Mkijua hilo mtasoma sarafu nyingi za kale za Kichina.

*Mume wangu hufanya biashara Guangzhou na hasemi kingine ila samaki wa mvuke wa huko. Nimempikia mara mbili. Wa kwanza alinuka shombo, wa pili alikuwa kama mpira. Na nitajuaje sosi zao ni halali?*
— Mama wa watoto, Langoni, Lamu

Dada, shombo ina sababu mbili na mpira una moja.

Chukua changu au tewa wa gramu 600 hivi, mzima na kichwa chake, wa leo. Ukishamparua na kumtumbua, fungua tumbo uone mstari mweusi wa damu uliogandamana na uti wa mgongo. Upasue utando wake, uukwangue kwa ncha ya kijiko mpaka uone mfupa mweupe. Hiyo ndiyo shombo ya kwanza, na kwenye mchuzi wa nazi na ukwaju hujificha. Kwenye mvuke haina pa kujificha. Mkaushe kwa kitambaa. Mchanje mara tatu kila upande, penye nyama nene.

Weka sufuria pana, maji kina cha vidole vitatu, na katikati kopo lililokatwa juu na chini la kuegemezea sahani. Maji yachemke kwa fujo kabla samaki hajaingia. Ukiweka samaki maji yakiwa baridi atatokota polepole na kutoa maji yake yote. Tandika vitunguu vya majani viwili vitatu kwenye sahani, mlaze samaki juu yake ili mvuke upite chini, tia vipande vya tangawizi tumboni, funika kisawasawa. Dakika nane. Kila gramu mia zinazozidi, ongeza dakika moja. Zima, muache dakika moja zaidi bila kufunua. Choma kijiti nyuma ya kichwa: kikipita bila kukwama, ameiva. Mpira wako ulitokana na kusubiri mpaka nyama iachane yenyewe na mfupa. Wa Guangzhou huondolewa nyama ikiwa bado imeshika kidogo.

Hapa ndipo wengi huharibu. Sahani itakuwa na maji ya kijivu. Yamwage yote. Ni ya shombo, si supu. Ondoa na vitunguu vilivyolegea. Juu ya samaki tandaza tangawizi na vitunguu vya majani vibichi vilivyokatwa nyuzi nyembamba kama za kupambia. Chemsha vijiko vitatu vya mafuta mpaka yaanze kufuka, yamwagie juu ya hizo nyuzi, yalie. Mwisho, vijiko viwili vya sosi ya soya nyepesi, viwili vya maji moto na nusu kijiko cha chai cha sukari, umimine pembeni mwa samaki, si juu yake. Soya ikitangulia kabla ya mvuke hukausha nyama na kuitia chumvi kali. Bizari na ndimu viache jikoni siku hiyo.

Soya ni mbili. 生抽 (shēngchōu) ni nyepesi, ya chumvi, ndiyo unayoitaka. 老抽 (lǎochōu) ni nzito, ya kutia rangi. Ukiikosea samaki atakuwa mweusi kama aliyeungua. Mafuta ya ufuta ya Kichina hukamuliwa kutoka kwa ufuta uliokaangwa, ndiyo maana yana harufu nzito na rangi ya kahawia. Ni ya matone machache mwisho, si ya kukaangia. Ufuta tunao: ukaange mkavu mpaka ubadilike rangi, uuponde, utapata harufu ileile.

Halali: tafuta kwenye kibandiko herufi 清真 (qīngzhēn), ndiyo alama ya Waislamu wa huko, na mikahawa yao huiandika mlangoni. Herufi za kukimbia ni 猪, nguruwe, na 酒, pombe. 料酒 ni mvinyo wa kupikia, na huwa umechanganywa kwenye sosi nyingi za tayari. Mapishi yakikuambia utie mvinyo kwa samaki, uruke tu. Tangawizi na kule kumwaga maji vinatosha. Soya iliyochachushwa hutoa pombe kidogo sana yenyewe. Hukumu ya hilo si yetu, mwulize shekhe wako.

*Wachina wanafuata mwezi kama sisi. Mbona mwaka wao mpya hauzunguki misimu yote kama Mfungo Mosi?*
— Mvuvi, Matondoni, Lamu

Kwa sababu wanauvuta urudi. Miezi kumi na miwili ya mwandamo ni siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama kumi na moja. Kalenda ya Kiislamu huliacha pengo hilo, kwa hiyo Ramadhani hupita kusi na kaskazi. Wachina hulijaza: mara saba katika miaka kumi na tisa huongeza mwezi wa kumi na tatu. Mwaka 2025 mwezi wao wa sita ulikuja mara mbili. Ndiyo maana mwaka mpya wao hautoki nje ya 21 Januari na 20 Februari.

Mzee wa bahari atalielewa hili upesi, kwani Pwani ilikuwa na hesabu zote mbili, ila kila moja mbali: mwezi kwa dini, na mwaka wa jua wa Nairuzi wenye miongo ya siku kumi kumi kwa safari na kilimo. Wachina wamezifunga pamoja. Miongo yao ni ishirini na minne, ya siku kama kumi na tano, inayofuata jua, na ndiyo inayoamua ni mwezi gani urudiwe.

Tofauti nyingine: wao hawangoji kuuona mwezi. Mwezi mpya huanza siku jua na mwezi vinapokutana kwa hesabu, saa za Beijing, hata kama mbingu haionyeshi kitu. Kwa hiyo tarehe mosi yao hutangulia mwandamo wa Lamu kwa siku moja au mbili. Mwaka wa Farasi (wao huupa kila mwaka jina la mnyama) ni wa kuanzia 17 Februari 2026, na Ramadhani ya mwaka huo iko hapo hapo nyuma yake. Tarehe kumi na tano yao ni mwezi mpevu, basi utaijua kwa bamvua bila kuuliza.

Na mwenye kutafuta mnyama wa mwaka wake: aliyezaliwa Januari, karibu kila mara, ni wa mnyama wa mwaka uliotangulia. Tazama tarehe ya mwaka mpya wa mwaka wako kwanza.

*Mwalimu alituonyesha picha ya kale ya twiga na Mchina ameshika kamba. Ndiye twiga wa Malindi?*
— Mwanafunzi, Malindi

Karibu, lakini siye, mwanangu. Picha hiyo yenye maandishi ya Shen Du, mwandishi wa mfalme wa Uchina, ni ya 1414, na twiga yule aliletwa na wajumbe wa Bengali. Wa Malindi alifika mwaka uliofuata, 1415, kwa mfalme huyohuyo, Yongle. Barazani kwake walimwita qilin, mnyama wa baraka wa hadithi zao. Ukimchora kwa maonyesho ya shule, andika tarehe sahihi. Wengi wanakosea hapo.

*Maktabani nimekuta vitabu vya Lu Hsun na vya Lu Xun. Ni ndugu?*
— Mpenda vitabu, Watamu

Ni mtu mmoja, mwandishi wa Kichina. Hsun ni tahajia ya zamani, Xun ni ya pinyin. Vitabu vilivyotafsiriwa kabla ya miaka ya 1980 vingi vina ile ya zamani, kwa hiyo ukitafuta tafuta kwa njia zote mbili: hs huwa x, na Mao Tse-tung ni Mao Zedong. Angalia na kile kikoma cha juu. T'ang ya zamani ni Tang ya leo, na kikoma kile kinaonyesha pumzi, sawasawa na cha t'aa tulichotumia hapo juu. Wachapaji wengi walikiacha njiani, basi "Tang" ya kitabu kuukuu huenda ni Dang. Jina la ukoo hutangulia: Lu yuko kwenye L.

*Naandikaje ü kwa simu? Siioni popote.*
— Fundi simu, Maweni, Malindi

Kwenye kibodi ya pinyin, bonyeza v. Nv itakupa 女, mwanamke. Lv itakupa 绿, kijani.

*Nimeletewa chai ya kijani. Nikiipika inakuwa chungu na ina utando juu.*
— Mstaafu, Wiyoni, Lamu

Mzee wetu, haipikwi. Majani ya gramu tatu, kijiko cha chai kilichojaa, kwa maji mililita 150. Maji ya kuchemka huitoa uchungu wote mara moja; inataka nyuzi 80. Bila kipimo: chemsha, mimina kwenye jagi, ngoja kidogo, mimina tena kwenye kikombe kitupu, kisha juu ya majani. Kila kumimina hupunguza nyuzi kadhaa. Dakika mbili, unywe. Majani hayo hayo yanabeba maji mara tatu, kila mara yakikaa muda kidogo zaidi.

Utando ni wa maji. Maji ya kisima yenye chumvi na chokaa huizima chai ya kijani, hata iwe ya bei gani. Maji ya mvua ya jabia safi ndiyo bora, na yakikosekana, ya chupa. Bati lake lifungwe kabisa, na likae mbali na iliki, udi na ubani, kwani majani ya chai hunyonya harufu yoyote iliyo karibu. Ikishashika ya ubani hairudi.